Fyuzi Katikati ya Meno

Kioo cha taa kilikuwa kimepasuka vipande vitatu, na ndani yake palikuwa pakavu.

Kambare aliibuka, akapanda kwenye sakafu ya ukingo wa bwawa, akaitoa fyuzi mdomoni, akavua miwani ya kuogelea na kumtazama kaka yake kama mtu aliyetumwa chumvi akakuta duka limehama.

"Pakavu," alisema.

"Pakavu vipi, chini ya maji?"

"Nimetia kidole kwenye ufa. Kuna vumbi mle ndani, kaka."

Koleo hakuinua kichwa kutoka kwenye sanduku la vifaa. "Maji yamekupanda kichwani. Pumzika kidogo, halafu ushuke ufanye kazi."

Hapo ndipo walipaswa kufunga sanduku na kurudi nyumbani. Lakini fundi ni kama mwanamume anayechumbia: akishasema anaweza, harudi nyuma hata aone moshi unatoka mlangoni.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, mafundi umeme wote wawili. Mkubwa aliitwa Koleo kwa sababu akishika kitu haachii, iwe waya, iwe ugomvi. Mdogo aliitwa Kambare kwa sababu aliogelea kama aliyezaliwa dimbwini. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ya mjane mmoja ambaye kila mtu alimwita Madam. Taa ilikuwa imekufa miezi miwili. Jioni wageni hawakuingia majini kwa sababu ya giza, na hilo lilieleweka. Madam alipowafungulia geti aliwavuta pembeni, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata mchana hawaingii.

"Mchana wanaogopa nini?" Koleo aliuliza.

"Wanasema wakiwa ndani ya maji wanahisi kuna mtu amewakodolea macho."

"Waambie wavae nguo za heshima," Koleo alisema, na Madam hakucheka.

Kazi yenyewe si ngumu. Taa ya bwawani hukaa kwenye tundu ukutani, na kwenye bwawa hili tundu lilikuwa upande wa kina kirefu, chini kupita kimo cha mtu. Huna haja ya kumwaga maji. Unafungua skrubu moja, unaivuta taa, na nyuma yake kuna waya ulioviringishwa tunduni humo, umeachwa mrefu makusudi ili taa ipande mpaka ukingoni, ikatengenezwe pakavu. Unabadilisha balbu, kioo na mpira wa kuzuia maji, unairudisha, unaenda zako.

Tatizo ni umeme. Bwawa lile lilikuwa la zamani na umeme wake uliingia mzima mzima, ule wa kuua ng'ombe. Kwa ajili hiyo ndugu hawa walikuwa na sheria yao. Anayeshuka majini huchomoa fyuzi kwa mkono wake mwenyewe, ile ya kauri nyeupe yenye unene wa kidole gumba, kisha hushuka nayo katikati ya meno. Fyuzi ikiwa mdomoni mwako, hakuna mpumbavu wa kukuwashia. Sheria hiyo Koleo aliiweka mwaka aliokufa baba yao, fundi pia, aliyeungua kwenye pampu ya kisima kwa sababu mtu fulani alidhani amemsikia akisema "washa." Mtu huyo alikuwa Koleo. Nyumbani hakuna aliyelisema, na ndiyo maana hakuna aliyelisahau.

Baba naye alikuwa ameacha sheria yake, ya zamani zaidi: usitie mkono kwenye tundu kabla ya kupiga hodi. Liwe dari, liwe mtaro, gonga, sema hodi, mpe aliyemo nafasi asogee. Watu walidhani mzee anawasemea nyoka. Mzee hakuwahi kusema ni nyoka.

Miaka yote sheria hizi mbili hazikugombana, kwa sababu taa ya bwawani huja yenyewe ukiivuta, mkono hauna sababu ya kuingia tunduni. Siku hiyo haikuja. Skrubu ilifunguka, taa ikatoka shibiri moja, ikagoma. Waya ulikuwa umenasa huko nyuma.

Kambare aliibuka tena, fyuzi mdomoni, akaonyesha kwa ishara.

"Umenasa?" Koleo aliuliza. "Basi tia mkono uunasue."

Kambare akatingisha kichwa. Akaguna kitu, kisha akainua mkono kuitoa fyuzi ili aseme.

"Wee. Fyuzi haitoki mdomoni mpaka miguu yako iwe juu ya sakafu."

Mdogo akaguna tena, akagonga ukingo wa bwawa kwa vifundo vya vidole, mara tatu, kama mtu aliye mlangoni. Koleo alielewa. Alielewa vizuri kabisa, tusimfichie. Lakini ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, na aliona haya kupigia hodi ukuta wa vigae mbele ya mjane aliyekuwa anawatazama kutoka barazani.

"Tutakesha hapa na mambo ya mzee," alisema. "Shuka."

Watu husema mapepo na majini hutembea usiku. Wasemao hivyo hawajawahi kukaa peke yao saa saba ya mchana.

Maji yalikuwa maangavu, Koleo aliona kila kitu. Alimwona mdogo wake akitia mkono tunduni mpaka kwenye kifundo, kisha mpaka kiwiko, kisha mpaka kwapa, akashangaa, maana tundu lile halikuzidi kina cha ndoo. Alisikia harufu ya nywele zinazoungua, kali, katikati ya harufu ya klorini. Mapovu yaliyokuwa yakitoka puani mwa Kambare yakakoma. Kisha Kambare akapiga uso ukutani, si kama mtu aliyeteleza bali kama mtu aliyevutwa na mwenye nguvu aliye upande wa pili, akarudishwa nyuma, akapigwa tena, na tena, na tena, mpaka kigae kikapasuka na damu ikapanda juu kama moshi, naye Kambare hakuwa anajitetea, miguu ilikuwa imelegea tu ikicheza kwenye maji.

Koleo alijitupa na nguo zake. Akamshika mdogo wake kiunoni, akakanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, akavuta mpaka akasikia mgongo wake mwenyewe ukilia. Mkono ulipotoka ulitoka mkavu. Chini ya maji, mbele ya macho yake, vumbi lilipukutika kutoka kwenye vidole.

Alimlaza kwenye sakafu. Pua ilikuwa imelala upande, paji limefunguka mpaka mfupa ulionekana, na kifua hakipandi. Madam alikuwa amepiga magoti pembeni, amejiziba mdomo kwa kanga.

Kisha wakasikia mlio, mdogo, kama wa mtu anayetafuna barafu. Taya la Kambare lilikuwa linatembea. Alikuwa anaitafuna fyuzi. Kauri ilivunjika, ikasagika, vipande vikatoboa shavu kutokea ndani, damu ikamiminika shingoni, naye akaendelea kutafuna taratibu kama mwenye shibe, akameza, akafumbua macho.

"Mmeingia kwangu bila hodi," alisema. Sauti haikuwa yake, wala haikutoka kooni. Ilitoka tumboni, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

*

Walimpeleka hospitali. Akashonwa, na aliyemshona akavunjwa vidole viwili. Hospitali wakasema kichwa kimepata mtikisiko, wakampa vidonge, wakawafungulia mlango haraka kuliko walivyowapokea.

Nyumbani siku ya kwanza alivunja mlango wa chumba chake kutoka ndani, ilhali haukuwa umefungwa. Siku ya pili mkewe alimpelekea uji, naye Kambare akamshika nywele na kumpigiza kwenye fremu ya dirisha mpaka meno mawili yakabaki kwenye mbao. Koleo alipoingia kuamua alitupwa ukutani na mfupa wa bega ukaachia. Wakamfunga kitandani kwa waya, mita kumi na mbili za waya mzito wa nyumba, ndio uliokuwa karibu.

"Shemeji," mke wa Kambare alinong'ona, kitambaa chenye damu mdomoni, "huyu si mume wangu. Mume wangu akikanyaga sisimizi huomba radhi."

"Najua."

"Tena hanywi. Tangu jana sijamwona akimeza hata funda moja la maji."

Hilo ndilo lililowatisha kuliko kipigo. Wakimtilia maji mdomoni, yalitoweka kabla ya kufika kooni. Wakimmwagia mwilini, yalimteremka kama yanavyoteremka jani la mgomba, ngozi ikabaki kavu. Siku ya tatu midomo ilipasuka kama udongo wa kiangazi, macho yakazama, ngozi ya mikono ikaanza kupukutika vumbi jeupe juu ya shuka. Chumba kilinuka klorini na nywele zilizoungua. Na saa zote, hata alipolala, walisikia mlio wa kauri ikisagika, ingawa mdomoni mwake hamkuwa na kitu, walishatazama kwa tochi.

"Kesho atakuwa amekauka," mkewe alisema. "Mume wangu anakufa kwa kiu na mimi nimemshikia kikombe."

Koleo alikaa kwenye kizingiti, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Ya baba yalimtosha. Alijua kabisa kwamba hataweza kuzika wa pili.

"Nilimzuia," alisema. "Alitaka kupiga hodi nikamzuia."

Mke wa Kambare alikiweka kikombe chini. Angeweza kusema mengi, na angekuwa na haki. "Basi inuka," alisema. "Kuna mwanamke anashona nguo nyuma ya kituo cha mafuta. Wanasema hawa anawaweza."

*

Mshonaji alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni na pini zimechomekwa kwenye ukosi. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye haraka ya mtu aliyeacha suruali ya mteja kwenye mashine. Alisimama mlangoni akamtazama aliyefungwa.

"Mmemfunga kwa waya wa umeme," alisema. "Nyumba nzima haina kamba?"

Akapiga hodi, kwa sauti, akiwa amesimama ndani ya chumba. Mlio wa kauri ukakoma.

"Karibu," ilisema sauti kutoka tumboni. "Wewe umefundishwa."

"Nimefundishwa. Unataka nini kwa kijana wa watu?"

"Aliingia kwangu. Aliyeingia ni wangu."

"Aliingia mkono tu," mshonaji alisema, akavuta kigoda akakaa. "Mwili ulikuwa nje, kichwa nje, roho nje. Huwezi kudai shati zima kwa sababu umeshika mkono wa shati."

Kitanda kilitikisika. Waya ukazama kwenye nyama ya Kambare mpaka ukapotea, damu ikatoka kidogo, nzito, karibu unga. Mkewe akageukia ukuta. Mshonaji hakusogea.

"Ukimvunja utaniachia maiti, na maiti sina mazungumzo nayo," alisema. "Sema."

Kitanda kikatulia, na sauti ikatoka tena tumboni.

"Mkono, basi."

"Chukua wangu," Koleo alisema.

Macho makavu yakamgeukia. "Kwa nini wako?"

"Yeye alitaka kupiga hodi. Mimi ndiye niliyemnyima mdomo."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Wa kazi?"

"Wa kazi."

Kile kilichokuwa ndani ya Kambare kilitabasamu, na midomo ikachanika pembeni. "Mpaka begani."

"Aa," mshonaji alisema. Alikuwa ameshavua tepu shingoni, ameunyoosha mkono wa Koleo na kuupima kama anayekata kanzu. "Bega ni la kuvalia. Mpaka hapa." Akafunga uzi mweusi chini kidogo ya kiwiko, akaukaza. "Si kidole zaidi. Kesho saa saba, mlangoni kwako. Ukizidisha kipimo, nitakuja na saruji na mafundi wanaojua kupiga hodi."

*

Walimpeleka Kambare amelazwa juu ya ubao wa mlango aliouvunja mwenyewe, mwepesi kama kapu tupu. Madam aliwafungulia geti bila salamu. Maji yalikuwa yametulia, yanang'aa, na taa ilikuwa bado inaning'inia shibiri moja nje ya tundu kama jino bovu.

Koleo aliichomoa fyuzi mpya aliyokuwa ameiweka Madam kwa ujinga wake, akampa shemeji yake.

"Mdomo wangu lazima uwe mtupu," alisema.

Mwanamke yule, midomo imevimba, meno mawili hana, aliifumba kiganjani na kwenda kusimama mbele ya kisanduku cha umeme, mgongo ukiwa umegusa mlango wake. "Shuka, shemeji," alisema. "Hapa hapiti mtu."

Akashuka. Hakuwa muogeleaji, alishuka kwa kujivuta na ngazi kisha na ukuta, bega bovu likimwaka moto. Akafika usawa wa tundu. Ndani hakuona mwisho. Aligonga kigae mara tatu, akasema hodi, na neno likamtoka kama kundi la mapovu.

Karibu, alijibiwa, si masikioni, bali kwenye mifupa ya taya.

Akatia mkono, na ndani palikuwa pakavu na pana vuguvugu kama chumba ambacho watu wametoka sasa hivi, na kabla hajapata nafasi ya kujuta vidole vyake vikapokelewa na vidole vingine, virefu, vingi kuliko vya mkono mmoja, vikamshika kwa adabu kama anavyoshikwa mgeni, vikampapasa kila kifundo, kila kovu la bisibisi, kila sugu, kama mnunuzi anayekagua chombo, kisha adabu ikaisha na tundu likafunga, likafunga kama mdomo unavyofunga juu ya muwa, palepale kwenye uzi mweusi, akasikia mifupa miwili ikikatika mmoja baada ya mwingine na nyama ikichanwa kwa kuzungushwa, si kwa kukatwa, akapiga kelele na kelele yake ikajaa maji, akapiga ukuta kwa kichwa, kwa magoti, kwa mkono uliobaki, na maji yote ya upande ule wa bwawa yakawa mekundu mpaka hakujiona.

Juu, kwenye ubao, Kambare alikohoa. Alikohoa vipande vya kauri vyeupe, vyote, mpaka fyuzi nzima ilikuwa kifuani pake. Kisha akajiviringisha mpaka ukingoni, akatumbukiza uso bwawani na kunywa kama ng'ombe, na ngozi yake ikalowa. Aliponyanyua kichwa aliona rangi ya maji aliyokuwa anakunywa. Hakuuliza. Akajitupa na udhaifu wake wote, akamtoa kaka yake kwa ukosi wa shati.

Mkono ulikuwa umeisha kwenye uzi. Haukuwa unatoka damu tena. Jeraha lilikuwa limefunga, limekauka, lina vumbi.

Mshonaji, aliyekuwa amekuja nao, alikipima kigutu kwa tepu, akainamisha kichwa kuridhika. "Hakuzidisha," alisema, akarudi kwenye suruali yake.

*

Taa mpya haikuwekwa. Mwashi alijaza tundu saruji, kesho yake wakaikuta saruji imekuwa unga sakafuni mwa bwawa. Mwishowe Kambare mwenyewe alilifunika kwa bamba la shaba, akalikaza kwa skrubu nne ndefu, akiwa amepiga hodi kwanza na mdomo mtupu. Bamba likakaa. Wageni wakarudi majini. Madam akanunua hata viti vipya vya kukalia pembeni.

Ndugu wakaendelea na kazi, mdogo akishika, mkubwa akielekeza kwa kidole cha kushoto na kulalamika. Mke wa Kambare aliwekewa meno mawili ya bandia, akawa anamtania mumewe kwamba yale ya kwanza yalikuwa mabaya hata hivyo. Koleo hakusikika akijutia mkono. Akimwona mdogo wake akinywa maji, alikuwa anakaa kimya akamtazama mpaka glasi iishe.

Mwezi wa tano tangu siku ile walikuwa wanakula chakula cha mchana, wao wawili tu, kijiko kikamponyoka Koleo.

"Nini?" Kambare aliuliza.

"Mkono unauma."

"Daktari si alikwambia? Mkono uliokatika huota ndoto. Unadhani upo."

"Hauoti." Koleo aliongea polepole, sauti chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Umeshika kitu. Chembamba. Kina ncha, kina mizunguko kama ya skrubu, ila umekishika kwa upande wa nchani."

Kambare aliweka glasi mezani. Alikumbuka urefu wa skrubu alizozitia, zile nne, na jinsi ncha zake zilivyopenya bamba na kubaki zimetokeza ndani ya tundu.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili leo. Sikutaka kuwatia hofu. Unaizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, kinyume, taratibu, usiharibu meno yake. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha wewe."

"Ipo ya ngapi?"

"Tatu zimeshadondoka. Ya tatu jana, sasa umeshika ya nne."

Kambare aliinuka, akanyoosha mkono kuichukua miwani ya kuogelea iliyoning'inia msumarini. Koleo alimdaka shati kwa mkono wa kushoto, akalikunja kwenye ngumi.

"Kaa chini."

"Kaka, kuna watu bwawani saa hizi. Jumamosi leo. Kuna watoto."

"Kaa," Koleo alisema, na hakuachia, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Huendi tena kule. Waende wengine."

Wakabaki hivyo, mmoja anavuta kuelekea mlangoni, mwingine ameshika. Na ndani ya mkono wa shati uliokunjwa na kubanwa kwa pini, kigutu kilikuwa kinazunguka chenyewe, kinyume, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko.

Kisha kikasimama.